Hataza za Mitambo ya Kuchana Majora: Mambo ya Kuzingatia kwa Wajasiriamali wa Mafia

Tangu Juni 1, 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, soko la vibebeo mbadala limefungua nafasi ya kazi hata katika wilaya zisizo na viwanda vikubwa. Wilaya ya Mafia, mkoani Pwani, ni miongoni mwa maeneo ambako katazo hilo lina uzito wa pekee. Sehemu kubwa ya maji ya kusini na mashariki mwa kisiwa imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Kasa hutaga mayai katika fukwe za Juani, na papa potwe huja kujilisha karibu na Kilindoni. Mfuko unaopeperushwa kutoka gulioni hauna mahali pengine pa kwenda isipokuwa baharini.

Vibebeo vilivyochukua nafasi ya plastiki, vikiwemo vya karatasi na vya kitambaa kisichofumwa, vina jambo moja linalofanana. Malighafi yake hutoka kiwandani ikiwa imeviringishwa katika majora mapana na mazito. Kabla ya kushonwa au kugundishwa, jora hilo huchanwa kwa urefu na kuviringishwa upya kuwa majora membamba yenye upana unaolingana na mfuko unaokusudiwa. Kikundi kinachoweza kufanya kazi hiyo Kilindoni kinaweza kuvusha jora moja kutoka Nyamisati badala ya shehena ya mifuko iliyokwisha kushonwa, na kinaweza kuchagua vipimo vinavyowafaa wauzaji wa samaki, nazi na dagaa wa hapo hapo.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wananchi wengi hawajazoea kujiuliza. Mitambo ya kuchana majora, na hata namna zenyewe za kuchana, ni vitu ambavyo watengenezaji katika nchi zenye viwanda huviombea hataza na kuvigombania. Je, mjasiriamali wa Mafia anayenunua mtambo wa aina hiyo, au anayejitengenezea wa kwake kwa fundi wa kuchomelea, anaweza kudaiwa na mtu aliye ng'ambo? Jibu linategemea mambo manne: kinachodaiwa hasa ni nini, kama kilikuwa kinajulikana kabla, hataza yake ina nguvu katika nchi gani, na muda wake umebaki kiasi gani.

Kinachogombewa ndani ya mtambo

Kwa anayeutazama kwa mbali, mtambo wa kuchana ni visu vilivyopangwa mbele ya jora. Ugumu wake umo katika mambo madogo. Jora kubwa hufunguliwa taratibu huku breki ikizuia lisikimbie, kwa sababu kitambaa kikilegea mkato hupinda, na kikivutwa kupita kiasi hunyooka na kupoteza kipimo. Mkato wenyewe hufanywa kwa njia kuu tatu: wembe uliosimama, visu viwili vya duara vinavyopishana kama mkasi, au kisu cha duara kinachobanwa juu ya rola ngumu. Baada ya hapo vipande huviringishwa upya. Kwa kuwa vipande vilivyo jirani huweza kuingiliana kingo, mitambo mingi hupeleka kipande cha kwanza na cha tatu kwenye mhimili mmoja, na cha pili na cha nne kwenye mhimili mwingine.

Hataza katika eneo hili kwa kawaida haimpi mtu umiliki wa tendo la kuchana. Tendo hilo ni la kale mno kuweza kuitwa jipya. Kinachoweza kukingwa ni njia mahususi ya kutatua tatizo mahususi: namna ya kusogeza visu bila kusimamisha mtambo, namna ya kupima mvuto wa kila kipande peke yake, au namna ya kubadilisha jora lililojaa bila kupoteza malighafi. Mambo hayo huandikwa katika sehemu ya hati iitwayo madai. Maneno ya madai ndiyo mpaka wa shamba, na kilicho nje ya maneno hayo mwenye hataza hana haki ya kukizuia, hata kama mtambo wake umesifiwa dunia nzima.

Ipo tofauti nyingine inayopaswa kueleweka mapema. Hataza inaweza kukinga mtambo, na inaweza kukinga njia ya kutengeneza. Inapokinga njia, kanuni inayotambuliwa na Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za miliki ubunifu huifikisha kinga hiyo hadi kwenye bidhaa iliyopatikana moja kwa moja kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyo, pale hataza ya namna hiyo inapokuwa hai nchini, suala haliishii kwa mwenye mtambo. Linaweza kumgusa pia mfanyabiashara anayeingiza majora yaliyokwisha kuchanwa nje ya nchi.

Mashauri matatu yenye mafunzo

Historia ya mifuko imejaa migogoro ya aina hii, na mitatu kati yake inaeleza karibu kila jambo analohitaji kulijua mwananchi.

Wa kwanza ni wa Margaret Knight, mfanyakazi wa kiwanda cha mifuko ya karatasi huko Springfield, Marekani. Knight alibuni mtambo wa kutengeneza mifuko yenye kitako bapa, akaunda mfano wa mbao, kisha akapeleka kazi kwa mafundi wa chuma. Mtu aitwaye Charles Annan aliuona mtambo huo ukiundwa na akawahi kuomba hataza kwa jina lake. Knight alipinga, akaleta michoro, kumbukumbu na mashahidi, na mwaka 1871 akapewa hataza yeye.

Fundisho linalotajwa mara nyingi katika kisa hicho ni umuhimu wa kuweka kumbukumbu. Fundisho hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Wakati ule sheria ya Marekani ilimtazama aliyevumbua kwanza. Nchi hiyo iliachana na utaratibu huo mwaka 2013. Nchini Tanzania, watu wawili wanapobuni kitu kile kile kila mmoja kwa nafasi yake, anayetangulia ni yule aliyewasilisha ombi kwanza. Michoro iliyofungiwa sandukuni inaweza kusaidia kuthibitisha kwamba mtu ameibiwa, lakini haiwezi kumshinda mbunifu mwingine mwaminifu aliyewahi kufika kwa msajili.

Mgogoro wa pili ulifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kampuni ya Eastern Paper Bag ilikuwa na hataza ya mtambo uliobuniwa na William Liddell, lakini haikuutumia mtambo huo kutengenezea mifuko. Kampuni ya Continental Paper Bag iliposhtakiwa, ilijitetea kwamba mahakama haipaswi kumlinda mtu anayekalia uvumbuzi bila kuutumia. Mwaka 1908 mahakama iliukataa utetezi huo: mwenye hataza anaweza kuwazuia wengine hata kama yeye mwenyewe hazalishi.

Sheria ya Tanzania imechukua msimamo tofauti. Hataza inayotolewa chini ya Sheria ya Usajili wa Hataza, Sura ya 217, hudumu miaka 10 tangu kuwasilishwa kwa ombi. Inaweza kuongezwa mara mbili, miaka 5 kila mara, endapo mwenye hataza ataonyesha kuwa uvumbuzi unatumika nchini au kwamba ana sababu ya msingi ya kutoutumia. Sheria hiyo pia ina utaratibu wa leseni ya lazima. Dhamira yake iko wazi: nchi inayotafuta viwanda haina faida na karatasi inayozuia watu kufanya kazi huku mwenyewe akiwa hafanyi.

Mgogoro wa tatu unahusu mfuko ule ule uliokatazwa mwaka 2019. Mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, aliyekuwa na kampuni ya Celloplast, alibuni namna ya kuzifunga kwa joto ncha za neli bapa ya plastiki na kukata sehemu ya juu ili ibaki mikono miwili ya kushikia. Hataza ya Marekani ilitolewa mwaka 1965, na kwa miaka kadhaa Celloplast ilikuwa karibu kuwa mtawala pekee wa soko. Mwaka 1977 kampuni ya Mobil ilifanikiwa kuiangusha hataza hiyo nchini Marekani, na uzalishaji ukawa huru kwa wengi. Mfuko ulipokosa mwenyewe ndipo uliposambaa kwa bei ndogo kila mahali.

Kisa hicho kina mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, hataza iliyokwisha kutolewa si ukuta usiobomoka. Inaweza kupingwa na kufutwa. Pili, hataza humpa mtu haki ya kuwazuia wengine, lakini haimpi kibali cha kuzalisha. Hata kama hataza ya mfuko wa plastiki ingekuwa hai leo, mwenye nayo asingeweza kuitumia kukwepa kanuni za mazingira za Tanzania. Vivyo hivyo, muuzaji anayetangaza kwamba mtambo au malighafi yake ina hataza hajasema lolote kuhusu ubora wake wala uhalali wake sokoni.

Hataza huishia mpakani

Jambo linalowapotosha wengi ni dhana kwamba ipo hataza ya dunia. Haipo. Hataza ni haki inayotolewa na nchi na hufanya kazi ndani ya nchi hiyo. Njia ya kuchana iliyosajiliwa Ujerumani, Japani au Marekani pekee haimzuii mtu wa Kilindoni kuitumia. Anachozuiwa ni kuuza bidhaa zake katika nchi ambako hataza hiyo ipo hai.

Kwa Mafia mipaka hiyo ina sura ya karibu zaidi. Kisiwa hicho ni sehemu ya Tanzania Bara, hivyo masuala yake ya hataza yako chini ya Sura ya 217 na husimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda, Namba 4 ya mwaka 2008, na ina wakala wake wa usajili. Mfanyabiashara anayepeleka mifuko Unguja anaingia katika eneo la sheria nyingine, ingawa hajavuka mpaka wa Jamhuri ya Muungano. Mbunifu wa Mafia anayetaka kulindwa pande zote mbili hawezi kutegemea usajili wa upande mmoja.

Iko pia njia ya kikanda. Tanzania imo katika Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, inayosimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu la Kanda ya Afrika (ARIPO). Kwa ombi moja, mwombaji anaweza kuzitaja nchi kadhaa wanachama, na hataza ikitolewa hudumu miaka 20 tangu siku ya ombi. Kwa hiyo, anayetaka kujua kama njia fulani inakingwa nchini hapaswi kuishia kwenye daftari la BRELA. Aangalie pia hataza za ARIPO zilizoitaja Tanzania.

Baada ya muda wa hataza kwisha, elimu iliyomo huwa mali ya umma. Hili ndilo tunda ambalo nchi zinazoendelea hulichuma kwa uchache. Ili apewe hataza, mvumbuzi hulazimika kueleza kazi yake kwa ukamilifu kiasi cha fundi mwenzake kuweza kuirudia. Maelfu ya hati za mitambo ya kuchana na kuviringisha zimekwisha muda na zinasomeka bure kupitia hifadhi ya PATENTSCOPE ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO), zikiwa na michoro yake. Fundi anayezisoma anapata somo ambalo wengine walilipia kwa miaka mingi ya majaribio.

Kabla ya kuchukua mkopo

Kinachowekwa rehani katika suala hili ni mtaji mdogo wa watu wengi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotumia mkopo huo kununua mtambo kisha kikajikuta katika mgogoro, au kikaogopeshwa na barua ya madai kikaacha kazi, bado kina deni la kurejesha.

Hivyo ni busara kikundi kimtake muuzaji aeleze kwa maandishi kama mtambo wake una hataza inayotumika Tanzania, namba yake ni ipi, na kama ununuzi unakuja na ruhusa ya kuutumia. Muuzaji mwaminifu hatasumbuka kujibu. Mkataba pia uoneshe nani atabeba gharama endapo mtu wa tatu ataleta madai.

Ikiwa barua ya madai itakuja baadaye, kuidharau ni kosa, na kuitii kwa hofu ni kosa pia. Mtoa madai anapaswa kutaja namba ya hataza, nchi iliyoitoa, hali yake kwa sasa na dai linalosemwa kuwa limevunjwa. Taarifa hizo zinaweza kuhakikiwa BRELA kabla ya kusaini au kulipa chochote. Barua isiyotaja namba wala nchi inampa mpokeaji sababu ya kuuliza zaidi kabla ya kufungua mkoba.

Ni vyema pia kutochanganya suala la hataza na suala la viwango. Kwa mifuko ya kitambaa kisichofumwa, Serikali ilielekeza uzito usiopungua gramu 70 kwa mita moja ya mraba. Jora jepesi kuliko kiwango hicho ni hasara kwa mnunuzi hata kama mtambo wa kulichana hauna mgogoro wowote. Ukaguzi wa viwango ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), nao hufanyika bila kujali nani ana hataza ya nini.

Ubunifu wa wenyeji

Mjadala wa hataza huwa na kasoro pale mwananchi anapotazamwa kama mtu wa kuogopa haki za wengine tu. Mafia ina elimu yake ya kuchana. Wanawake wa kisiwa hicho kwa vizazi wamekuwa wakichana ukindu kwa upana unaolingana, wakisuka ukili mwembamba na kuuunganisha kuwa mkeka mpana. Kazi hiyo inakwenda kinyume cha ile ya kiwandani, inaanzia kwenye wembamba na kuishia kwenye upana, lakini inakabiliana na maswali yale yale ya ulinganifu wa mkato na mvuto wa uzi.

Elimu inayotumiwa hadharani kwa muda mrefu haiwezi kugeuzwa hataza ya mtu mmoja, kwa kuwa imekosa sifa ya upya. Hata hivyo, mkaguzi wa hataza aliye mbali huamua kwa kutazama kilichoandikwa. Maarifa ambayo hayajawahi kuandikwa wala kupigwa picha ni rahisi kudaiwa na mgeni na ni vigumu kutetewa na wenyewe. Kuyaweka katika kumbukumbu za halmashauri, vyuo na makumbusho ni kinga isiyohitaji wakili.

Kwa anayebuni kitu kipya, tuseme kifaa cha mkono cha kuchana karatasi au ukindu kwa vipimo vitano kwa mara moja, hatari kubwa huwa siku anapofurahia zaidi. Maonesho ya Sabasaba, mashindano ya ubunifu na video za simu huutangaza uvumbuzi kwa umma, na kitu kilichotangazwa kabla ya ombi kuwasilishwa kinaweza kupoteza sifa ya upya hata dhidi ya mbunifu mwenyewe. Utaratibu salama ni kuwasilisha ombi kwanza, kuonesha baadaye. Pale ubunifu unapokuwa mpya na wenye kutumika lakini hatua yake ya kibunifu ni ndogo, sheria inatoa pia hati ya matumizi, ambayo masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ni sehemu za kuanzia kwa mbunifu anayehitaji ushauri wa kitaalamu.

Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo madogo, imepewa hadi Julai 1, 2034 kabla ya kubanwa na masharti mengi ya mkataba wa kimataifa wa miliki ubunifu. Muda huo ni nafasi ya kujifunza na kujenga, lakini hauifuti sheria ya nchi ambayo tayari inatumika. Kwa mjasiriamali wa Kilindoni anayepiga hesabu ya jora lake la kwanza, hali ilivyo ni hii: kuchana ni kazi iliyo huru kwa kila mtu, mitambo mingi ya kawaida imekwisha kutoka katika kinga, na mtambo mpya wenye hataza hai nchini unahitaji ruhusa. Kujua mtambo wake uko katika kundi lipi kunahitaji namba ya hataza na siku moja ya kuuliza, na siku hiyo inapaswa kutangulia siku ya kusaini mkopo.